Gesi Imeisha, Bosi

Dar es Salaam, kuanzia Desemba hadi Machi, mwenye kiyoyozi kinachofanya kazi hakosi ndugu. Joto linavuka nyuzi 30, taulo halikauki, na binamu waliosahau harusi yako ghafla wanaikumbuka sebule yako. Kwetu walijaa. Wakajipanga mkekani, mlango ukafungwa, na kiyoyozi kikaachiwa kazi ya kuupoza ukoo mzima.

Hakikuchelewa kulalamika. Lakini nyumba yenye watu wengi haikosi wataalamu. Kilipotoa harufu ya soksi mbichi, shemeji alimtazama mtoto wa jirani. Maskini akapelekwa kuoga, harufu ikabaki. Kiliponguruma usiku, binamu aliyelala chini yake alishtakiwa kwa kukoroma, na kesho yake akakesha makusudi ili ajisafishe jina. Maji yalipoanza kuchuruzika ukutani, bibi, mtu wa Pangani, aliweka beseni. "Mjukuu wangu, nyumba inayotoa maji yenyewe ina baraka, usiifukuze." Baraka ile tukaipigia deki.

Siku bomba la kiyoyozi lilipoota barafu, mjadala ulifungwa: kinapoza mpaka kinaganda, mnataka nini tena? Huku jasho linatutiririka. Shemeji akanyakua rimoti, akashusha mpaka 16. Kiyoyozi kilichoshindwa kufika 24 hakifiki 16 kwa kuamrishwa. Kilichoshuka ni yuniti za Luku.

Akaitwa fundi. Hajavua viatu, hajagusa kifuniko, hukumu tayari: "Gesi imeisha, bosi." Akajaza, akalipwa, akaaga. Haukupita muda joto likarudi, naye akarudi na hukumu ileile, kwa bei iliyopanda kidogo.

Sasa, gesi ya kiyoyozi si petroli ya bodaboda. Haichomwi. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, inabeba joto la ndani na kwenda kulimwaga nje, kisha inarudi kubeba jingine. Ikipungua, ujue inavuja mahali. Kuijaza bila kutafuta panapovuja ni kujaza maji kwenye pakacha, na wahenga walishasema pakacha kuvuja ni nafuu kwa mchukuzi. Mchukuzi wetu alishalipwa mara mbili.

Fundi wa pili alikuwa binti mmoja mpole. Alizima umeme kwanza, akafungua kifuniko, akachomoa chujio. Vumbi lake lingeotesha mchicha. "Shikamoo bibi, baraka zako hizi hapa," akasema, akionyesha bomba la kutolea maji lililozibwa na utelezi. Maji yakikosa njia ya kutokea nje, humwagika ndani, na uchafu ukikaa na unyevu ndipo inapozaliwa ile harufu. Mtoto wa jirani akaachiwa huru. Barafu nayo ina sababu: hewa ikikosa kupita kwenye chujio, au gesi ikipungua, koili hupoa kupita kiasi na unyevu huganda juu yake. Kwetu sababu zote mbili zilikuwapo, kwani nati ya kiungo kimoja cha bomba ilikuwa imelegea, gesi ikitoroka polepole.

Ngurumo zilitoka kwenye boksi la nje, ambalo skrubu zake zilishaliwa na chumvi ya bahari. Juu yake kulikuwa na kanga za shangazi. Aligundua kwamba pale panatoka upepo wa moto, akapageuza kamba ya kuanikia. Joto lililotolewa sebuleni likawa halina pa kwenda, ila kanga zilikauka vizuri sana.

Ndugu msomaji, chujio ni la kuoshwa kila mwezi, na msimu wa joto hata kila baada ya wiki mbili; maji ya bomba yanatosha, likauke kabla ya kulirudisha. Boksi la nje liache lipumue. Ukiona maji ndani, barafu kwenye bomba, harufu, kelele mpya, au Luku inayoyoma bila ubaridi kuonekana, zima, kisha mwite fundi. Akija, akatamka gesi kabla hajafungua kifuniko, mpe chai, mshukuru, msindikize mpaka kituo cha daladala.