Maktaba Imeendelea

Hongera kwa wakutubi wa upande huu wa Kitale na Bungoma: semina ya zana za mtandaoni imewafikia. Mwaka 2006 maktaba ya umma ya Charlotte, Marekani, iliwapa wafanyakazi wake mambo 23 ya kujaribu mtandaoni, kuanzia blogu hadi Flickr. Nasi hatukuachwa, tumechelewa kwa staha tu.

Leo mkutubi ana akaunti kwenye TikTok, Canva na kwingineko. Nywila zote ziko salama, zimeandikwa nyuma ya kadi ya kitabu kisichoazimwa na mtu. Bando ananunua mwenyewe, jambo linalojenga uzalendo. Stima ikipotea, anafanya mazoezi kichwani. Mwanafunzi wa Kimilili akiulizia kitabu cha kiada, anaelekezwa kwa heshima kwenye ukurasa wetu, penye picha nzuri ajabu ya rafu. Rafu yenyewe ni safi mno. Haina hata kitabu cha kukusanya vumbi.

Kuna wazee wanaonung'unika kwamba zana hizi hazidumu. Uzushi! Google Reader, zana ya kufuatilia blogu, ilidumu karibu miaka minane mizima, hadi 2013. Ile kamusi ya kaunta, iliyofungwa kwa gundi na kamba, ni ya zamani kuliko hiyo, na ukaidi wake ni kwamba bado inafunguka.