Sifa za Mpangaji Mwenye Nyumba Yake

Paka amesifiwa vya kutosha, na mbwa ameimbiwa mpaka tabia ikamharibika. Mimi namsifu kobe, kiumbe aliyezaliwa na nyumba mgongoni, na ambaye akiingia kwako tu atakulazimisha umjengee nyingine.

Kwanza anakufundisha uraia. Kuku unamnunua sokoni, unamfunga miguu, unapanda naye daladala. Hebu fanya hivyo na kobe wa porini hapa Tanzania. Ukikutwa naye bila kibali, hati ya mashtaka itamwita nyara ya serikali. Wewe utalala ndani, na kielelezo kitalala nje kikila majani ya kituo cha polisi. Kenya nako sheria ni kali vilevile, hakuna kumwokota barabarani ukamtia kwenye buti. Ndiyo maana maandalizi ya ua wa kobe huanzia ofisi ya wanyamapori, ambako utapanga foleni kwa niaba ya kiumbe asiye na haraka yoyote.

Kibali kikitoka, mwite fundi. Nazungumzia yule kobe mwenye madoa kama ya chui, tunayekutana naye nyikani, ambaye akikomaa anaweza kupita kilo 10. Seng'enge usiiguse. Kobe akishaona upande wa pili, upande wa pili umekuwa wake. Atausukuma waya tangu asubuhi hadi jioni, na kesho ataanza palepale alipoachia. Anataka ukuta wa kumziba macho, wa matofali au mbao, uliozama ardhini na kupanda hadi magotini mwako au zaidi. Fundi atauliza, "Bosi, kwani unafuga mamba?" Mwambie ni kobe. Atacheka mpaka afike kwenye kona.

Kona ndiyo mtihani. Kobe huuzunguka ukuta akiukagua, na akifika penye kona husimama wima, kucha hizi huku na zile kule, akapanda, kisha akaanguka chali. Mapafu yake yako juu, chini ya gamba la mgongo. Akilala chali, viungo vyote vya tumboni huyakandamiza, na jua la saa sita likimkuta hapo anaweza kufa. Basi kila kona ifunikwe kwa ubao juu, au ukuta uviringwe pasiwe na kona kabisa. Nimeona nyumba za ghorofa zilizojengwa kwa uangalifu mdogo kuliko huo.

Ukuta ukikauka, bustani inaanza, na hapa namsifu kwa moyo wangu wote, kwani bwana afya hajawahi kusafisha ua wa mtu namna hii. Kobe huvutwa na rangi kali: ua la hibiskasi, kipande cha mfuko wa plastiki, kidole cha mguu cha shangazi kilichopakwa rangi nyekundu. Utaokota kila msumari uliosahauliwa na fundi. Utaing'oa ile oleanda ya waridi uliyoipanda getini kwa mbwembwe, maana ina sumu. Mahali pake utapanda ukoka na kuuacha urefuke, na yale majani ambayo jirani alikuwa akiyaita uvivu sasa yataitwa lishe. Mpungate nao, uliodharauliwa miaka yote kwa miiba yake, utapata heshima. Mgeni huyu hataki pilau, hataki ugali wala mkate wa jana. Mpe nyasi, na mfupa mweupe wa ngisi unaookotwa ufukweni, apate chokaa ya kujengea gamba. Akiwa bado mchanga, mpe na mahali penye unyevu pa kujificha. Akikulia kwenye ukavu mtupu, gamba lake huota vichuguu.

Maji yawe kwenye sinia pana lisilo na kina. Ataingia, atakunywa, kisha atajisaidia humo humo mbele yako bila kuona haya. Badilisha maji kila siku, na mikono uoshe kwa sabuni, kwani anaweza kubeba salmonela na mwenyewe asiumwe. Marekani walipiga marufuku mwaka 1975 kuuza kasa na kobe wenye gamba lisilofika sentimita 10 hivi, kwa sababu watoto walikuwa wakiwatia mdomoni.

Usiku alale kwenye kibanda kifupi, kikavu, chenye nyasi kavu. Mbwa asifike, na siafu wakaguliwe kabla ya kulala. Gari nalo lina adabu mpya. Kobe hupenda kivuli chake, hivyo kabla ya kurudi nyuma sharti uiname uchungulie. Wanaume ambao hawajawahi kuinama kutazama upepo wa tairi sasa wanapiga magoti kila asubuhi.

Lakini uungwana wake mkubwa ni kutusindikiza kaburini. Mwaka 1919 gavana wa Seychelles aliipelekea Zanzibar zawadi ya kobe wanne wa Aldabra, wakawekwa kisiwani Changuu. Gavana hayupo, himaya iliyomtuma imefunga virago, na utawala wa sultani ulianguka mwaka 1964. Kobe wa Aldabra bado wapo Changuu, umri umeandikwa kwa rangi magambani, na watalii wanawalisha majani. Kule kisiwani St. Helena yuko kobe aitwaye Jonathan, aliyeletwa mwaka 1882 akiwa tayari mtu mzima; yeye amezika magavana kadhaa na haonekani kusikitika. Huyu wetu wa madoa hafiki umri huo, ila anaweza kuishi miaka 50 na kuendelea, nawe hesabu yako unaijua.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ikiwa umri wako umeshapita arobaini na bado unamtaka, andika wosia kabla ya kumwita fundi, na jina la mrithi wa kobe uliweke juu ya la mrithi wa shamba. Shamba wanao wanaweza kuliuza wiki ijayo. Kobe hawamuuzi bila kibali.