Springi Haina Adabu: Kuunga Upya Bastola ya M1911

Bastola ya M1911, kazi ya John Browning, iliingia jeshi la Marekani mwaka 1911 na ikabaki bastola yake ya kawaida hadi 1985. Ukiacha skrubu nne za vibao vya mpini, vipande vyake vyenyewe ndivyo zana za kuifungulia. Ndiyo maana kuifungua ni rahisi mno, na aliyeifungua hudhani kuirudisha ni njia ileile kinyumenyume.

Baada ya kuthibitisha kwamba haina risasi, kuunga huanzia kwenye fremu. Humo hukaa springi bapa ya vidole vitatu, na kila kidole kina kazi yake: cha kushoto husukuma kishikio cha nyundo, cha kati kitenganishi, cha kulia kizuizi cha nyuma ya mpini. Kidole kimoja kikiteleza, vyote huonekana vimekaa sawa, mpaka bastola inapokokiwa. Kijiti kinachoning'inia chini ya nyundo nacho hupenda kunaswa chini ya kizuizi hicho. Hapo nyundo huwa legevu kama jino la mtoto wa miaka sita.

Mtutu na kitelezi hurudi bila ugomvi. Ugomvi uko kwenye komeo la kitelezi. Pini yake hupita kwenye kiungo kidogo chini ya mtutu, kisha hatua ya mwisho huzuiwa na kichuma chenye springi. Mwenye subira hukibonyeza kichuma kwa ncha ya kitu chembamba. Asiye nayo husukuma komeo kwa gumba, nalo huchora upinde mweupe ubavuni mwa fremu. Wamarekani wana jina la alama hiyo, na tafsiri yake ya heshima kabisa ni mkwaruzo wa mpumbavu. Kwa bastola ya zamani ni hasara ya kweli, kwani mnunuzi hulipia rangi ya kiwandani, na kuipaka upya hushusha bei badala ya kuipandisha.

Mwisho huja kikombe cha chuma kinachofunika springi ya kurudisha kitelezi mbele. Hukandamizwa kwa gumba huku bushi ya mdomo wa mtutu ikizungushwa ili ikifunge. Gumba lenye oili huteleza, na kikombe huruka kwa kasi ambayo jicho haliifuati. Hugonga dari, kisha huenda chini ya kabati lile zito kuliko yote chumbani. Miwani ya kinga si pambo.

Kinachobaki ni kujaribu. Bastola tupu hukokiwa, kisha kifyatulio huvutwa bila kubana kizuizi cha mpini. Nyundo haipaswi kuanguka. Ikianguka, vyote hufunguliwa tena hadi kwenye ile springi ya vidole vitatu, kuanzia na kikombe ambacho ndiyo kwanza kimetolewa chini ya kabati.