Ombi la Kuua kwa Utaratibu: Barua ya Wazi kwa Wenye Mamlaka ya Bata

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Shirika la Huduma kwa Wanyamapori Kenya (KWS),
Lang'ata, Nairobi.

Nakala: Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA), Morogoro; pia kwa kila anayekula bata mwitu bila kuuliza alifaje.

MINT: MSIMU WA BATA NA IDADI INAYORUHUSIWA

Mheshimiwa,

Ninakuandikia kutoka Shiling, mji wa mikoba ulio wilaya ya Huadu, kaskazini mwa jiji la Guangzhou. Huku ukikosea mlango wa kiwanda cha ngozi unaingia wa duka la zipu. Ile mikoba ya Gikomba na Kariakoo yenye majina ya Kifaransa na bei ya kupatana, mingi imepita hapa, na mimi ni mmoja wa wanaoisafirisha. Hiyo ndiyo riziki yangu. Lakini kwa hulka mimi ni mwindaji wa bata, na hilo ndilo linalonifanya nikusumbue.

Fundi mmoja wa hapa alinionyesha kazi aliyoagizwa na mteja wa Marekani: mshipi wa ngozi wa kuvaa begani, wenye vitanzi vya kuning'inizia bata kwa shingo. Vitanzi sita, wala si saba. Yeye alidhani ni vya chupa za maji. Nilipomfafanulia, alicheka mpaka akaiweka sindano chini, kisha akanitazama vizuri na kuniuliza kama nina nia ya kwenda kuuvalia huo mshipi huku kwao, maana yeye hataki kuitwa shahidi.

Sita ni sheria, Mheshimiwa. Katika sehemu kubwa ya Marekani mwindaji haruhusiwi kuua bata zaidi ya sita kwa siku. Upande wa Pasifiki ni saba. Ndani ya hao sita kuna hesabu nyingine. Wale wenye kichwa cha kijani, majike yao yasizidi mawili, kwa hiyo mtu aliyelala kwenye tope alfajiri, kope zimeganda kwa baridi, anatakiwa kujua jinsia ya ndege anayepita kwa kasi ya matatu. Kufyatua ni kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza mpaka linapozama. Bunduki isibebe risasi zaidi ya tatu. Risasi za madini ya risasi zilipigwa marufuku kwa ndege wa majini nchi nzima tangu 1991, kwa sababu bata huzimeza kama changarawe na kufa polepole. Ukimwaga mahindi ziwani ili bata waje kula, hapo umevunja sheria kabla hujafyatua hata moja. Na kila mwenye miaka 16 au zaidi hununua stempu ya bata, iliyoanza 1934 kwa dola 1 na sasa ni dola 25.

Wawindaji wa kule wanalalamika, na malalamiko yao nayapenda kwa sababu ni ya mtu aliyeshiba. Msimu umefunguliwa mapema mno, bata bado wako Canada. Msimu umefungwa mapema mno, bata ndio kwanza wanafika. Sita ni wachache kwa mtu aliyeendesha gari usiku kucha. Sita ni wengi, ndiyo maana bata wamepungua, anasema mwenzake aliyerudi mikono mitupu. Wote wawili wanakubaliana kwamba waliotunga sheria hawajawahi kulowa. Wakishamaliza kunung'unika wananunua stempu ya mwaka unaofuata, na fedha hizo, zaidi ya dola bilioni 1 mpaka leo, zimenunua na kulinda kinamasi kwa mamilioni ya ekari. Sijui chama kingine cha walalamishi kilichowahi kuleta faida kubwa hivyo.

Nami nikatamani kulalamika. Nikaanza kuuliza uliza hapa Guangzhou kuhusu msimu na idadi. Jibu ni fupi. Sheria ya bunduki ya mwaka 1996 imemtenga raia wa kawaida na bunduki. Kuwinda bila kibali, au mahali na wakati uliokatazwa, ni kuvunja sheria. Tarehe 24 Februari 2020, dunia ikiwa imeanza kukijua kirusi cha korona, Kamati ya Kudumu ya Bunge la China ilipitisha uamuzi unaokataza kula wanyamapori wa nchi kavu, na kwa hesabu ya sheria za huku, bata mwitu hata akiogelea ni wa nchi kavu. Kwa hiyo idadi inayoruhusiwa kwa mtu kama mimi ni sufuri. Bata ninaowaona ni wale waliochomwa, wananing'inia dirishani mwa mikahawa, wamepakwa asali, wametoka mabandani kwa wafugaji. Kula bata huku ni rahisi kwa maana zote mbili tunazozijua, ila si bata wa mwituni.

Ningekasirika zaidi kama nisingeambiwa habari za jirani yetu wa magharibi, Sanshui, upande wa Foshan.

Kuna ndege mdogo mwenye kifua cha manjano, si bata, lakini msafiri wa kinamasi kama bata. Alikuwa akizaana kuanzia Finland mpaka Japani, na kila vuli makundi yake yalishuka kusini yakitua kwenye mashamba ya mpunga, usiku yakilala kwenye matete. Guangdong walimpa sifa ya ginseng ya angani; ukimla, walisema, utapata nguvu za kila aina, zikiwemo zile ambazo wanaume huziulizia kwa sauti ya chini. Wategaji walitandaza nyavu kwenye matete usiku. Sanshui ilikuwa na tamasha la kumla katika miaka ya 1990. Mwaka 1997 China ikapiga marufuku kumnasa. Mwaka 2001, yaani miaka minne baada ya marufuku, makadirio ni kwamba ndege milioni 1 wa aina hiyo waliliwa katika mkoa wa Guangdong peke yake.

Soma tena hizo tarehe, Mheshimiwa, maana ndizo zilizonifanya nichukue kalamu. Marufuku ilikuwepo. Idadi iliyoruhusiwa ilikuwa sufuri, kali kuliko sita ya Marekani. Bunduki hazikuwepo. Na bado ndege hao waliendelea kuliwa, na kati ya 1980 na 2013 walipungua kwa kiasi cha asilimia 84 hadi 95. Mwaka 2004 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi, IUCN, lilikuwa bado linamhesabu kama ndege aliyekaribia tu hatari. 2017 akawekwa daraja la mwisho kabla ya kutoweka porini. Mwaka 2021 China ikampandisha kwenye kundi la kwanza la ulinzi, pamoja na panda. Ni heshima kubwa, kama ile anayopewa marehemu siku ya arobaini.

Tofauti ya Marekani na Guangdong haikuwa idadi. Marekani nao walikuwa na wauaji wa biashara, waliopeleka ndege mijini kwa mapipa, na njiwa wao wa msafara aliyewahi kufunika jua aliisha kabisa. Wa mwisho alifia katika bustani ya wanyama ya Cincinnati mwaka 1914. Sheria ya ndege wahamao ya 1918 iliziba mlango huo: bata mwitu hauzwi. Unaweza kumuua, kumla, kumpa shemeji, lakini kumuuza mkahawani huwezi. Ndiyo maana vitanzi sita vinatosha. Mtu akishakuwa na sita tumboni na kwenye friji, wa saba hana kazi. Lakini bata mwenye bei hana wa saba wala wa elfu saba, daima kuna mnunuzi wa mwingine. Guangdong walimkataza mwenye wavu wakamwacha mwenye sahani, na sahani ndiyo iliyokuwa ikilipa.

Sasa naja nyumbani, na ndipo malalamiko yangu yanapoanza rasmi.

Kenya ilifunga uwindaji Mei 1977. Uwindaji wa ndege kwa leseni uliachiwa kijidirisha kwa miaka kadhaa, nacho kikafungwa, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 ikatamka wazi kwamba kuwinda kwa burudani ni kosa. Mimi nimetii. Wajomba zangu waliokuwa na bunduki za ndege wametii. Tanzania, ambako wenzetu wa TAWA bado wanatoa leseni na msimu wa kitalii hufunguliwa tarehe 1 Julai, bata angalau anaweza kuangalia kalenda. Kenya bata anapaswa kulala usingizi mwaka mzima.

Je, analala? Nenda Bunyala, Mheshimiwa, kwenye majaruba ya mpunga yanayonyweshwa na mto Nzoia. Mtafiti Martin Odino alikwenda, na tangu 2009 ameandika na kupiga picha anachokiona. Uwindaji wa huko hauna bunduki. Una chembechembe za zambarau za karbofurani, dawa ya wadudu iliyokuwa ikiuzwa kwa jina la Furadan. Chembechembe hizo hutiwa kwenye konokono kwa ajili ya korongo domowazi, au kwenye mpunga kwa ajili ya bata na njiwa. Korongo mzima hufungwa shambani awaite wenzake. Wenzake wanashuka, wanakula, wanapepesuka, na mtu anakuja kuwaokota. Nyama inauzwa na binadamu wanaila, wakiamini kwamba sumu ilibaki tumboni.

Hebu tulinganishe. Mmarekani akimwaga mahindi mbele ya bata anashtakiwa. Mwenzetu wa Bunyala chambo chenyewe ndicho risasi. Mmarekani huweka majini bata wa plastiki, wengi wao wametengenezwa huku China. Mwenzetu hutumia korongo mwenye uhai na kamba mguuni. Mmarekani anahesabu majike. Mwenzetu hahesabu hata aina. Mmarekani anaanza nusu saa kabla ya jua. Mwenzetu anaanza mvua zikinyesha, na anaendelea zikiisha. Mmarekani ana vitanzi sita, mwenzetu ana gunia. Leseni, stempu, mtihani, kodi, hakuna.

Mheshimiwa, huyu ndiye mwindaji aliyebahatika kuliko wote duniani! Nimezunguka kwa mawazo Arkansas, Louisiana na ziwa Naivasha, sijaona mwenye masharti mepesi kama yake. Sisi tuliotii sheria tumebaki kununua mikoba.

Kwa hiyo ninaomba mojawapo ya mawili. Aidha sisi wawindaji watiifu tupewe haki alizonazo mtia sumu: msimu wa miezi 12, idadi ya gunia, ruhusa ya chambo, na soko la wazi asubuhi. Au yeye apewe masharti yetu. Natambua kwamba ombi la kwanza ni la kijinga. Ninasikitika tu kwamba ndilo lililokwisha kutekelezwa, kwa watu wengine.

Najua mtaniambia askari ni wachache na Tsavo ni kubwa. Ni kweli. Tembo akifa, jina lake hutajwa kwenye taarifa ya habari. Bata wanaopiga mluzi usiku juu ya Busia hawana majina, na hakuna waziri aliyewahi kupanda ndege kwenda kuwaona. Najua pia mtasema dawa si kazi yenu, ni ya Bodi ya Kudhibiti Dawa za Wadudu, na soko ni la kaunti, na mpunga ni wa umwagiliaji. Guangdong nako kila mtu alikuwa na idara ya kumsukumia mwenzake, na ndege waliendelea kuliwa. Simba ndio waliosaidia, kusema kweli: televisheni ya Marekani ilipoonyesha mwaka 2009 kwamba wafugaji wa kwetu wanaua simba kwa Furadan, kampuni ya FMC iliyoitengeneza iliacha kuiuza Kenya na kuanza kuinunua tena kutoka madukani. Bata walikuwa wakifa kwa dawa ileile, ila bata hana singa za shingoni za kupigiwa picha.

Ninachokitaka ni kidogo. Msianze na ziwa, wala msije kunitafuta mimi na mshipi wangu usio na bata. Anzeni na soko. Anayeuza bata mwitu na korongo kwa fungu aulizwe aliwapata wapi, na nyama ipimwe mbele ya wateja wake. Duka la pembejeo linalouza chembechembe za zambarau chini ya kaunta lifungwe. Mkulima wa Bunyala anayepoteza mpunga kwa ndege asikilizwe, maana si kila aliyeweka sumu aliifanya kwa tamaa; wengine walianza kwa kulinda shamba wakagundua kwamba mizoga ina wanunuzi. Na Odino na wenzake wanaohesabu mizoga kwenye tope wapewe mtu wa kuwapokea simu.

Hayo yakifanyika, nitaleta ombi jingine, la heshima, la msimu mfupi na idadi ndogo, na mkinikatalia nitanung'unika kama Mmarekani. Kwa sasa naomba majibu, kwa maandishi, kabla mvua za vuli hazijajaza majaruba.

Wako mtiifu,

Mwindaji asiyewinda,
Shiling, Huadu, Guangzhou.