Kuvua Bila Kitoweo: Waraka kutoka Hampshire

Nchini Uingereza, mtu yeyote aliyetimiza miaka 13 anayetaka kuvua kwa fimbo samaki wa maji baridi sharti awe na leseni ya serikali, na leseni hiyo haimpi ruhusa ya kusogelea mto wowote, kwa kuwa haki ya kuvua katika mito isiyofikiwa na maji ya bahari ni mali ya mwenye ardhi ya ukingoni, ambaye naye hulipwa kivyake. Akishalipa pande zote mbili, mvuvi katika sehemu nyingi za mto Test, ulioko Hampshire, huelezwa sharti la tatu, ambalo ndilo lililozaa waraka huu: samaki akipatikana, arudishwe majini akiwa hai. Wazee wa Vanga, kwetu pwani ya Kenya, wataomba sentensi hiyo isomwe tena, na isomwe, maana haikukosewa.

Samaki anayehusika ni trauti, mwenye madoadoa ubavuni, apendaye maji ya baridi yaendayo kasi. Kenya si mgeni kabisa, kwani walowezi walileta mayai yake mwaka 1905 na kuyapandikiza katika mito ya Nyandarua, ingawa Mvanga mwenye bahari mlangoni hakuwa na haja ya kupanda mlima kumtafuta. Chambo chake si ngisi wala dagaa, bali ni nzi bandia, yaani manyoya na uzi vilivyofungwa kwenye ndoana ndogo ili vifanane na mdudu wa mtoni. Mdudu anayeigwa kwa bidii zaidi huibuka majini mnamo Mei na Juni, na akishaota mbawa huwa hana tena kinywa cha kulia, hivyo huoa, hutaga na kufa katika muda wa siku moja au mbili. Mtu aliyelelewa kuhesabu mwezi ili ajue bamvua, huku hutakiwa ajue siku ya harusi ya mdudu, na wala haalikwi.

Ajabu kubwa, hata hivyo, ni urushaji. Katika mshipi wa nyumbani, chubwi, lile donge la risasi, ndilo liendalo mbele na kuuvuta mshipi. Katika uvuvi huu chubwi haipo, na nzi wa manyoya hana uzito wa kuvuta chochote, kwa hiyo uzito umetiwa ndani ya mshipi wenyewe, ambao ni mnene, umepakwa plastiki, na mwishoni umeungwa uzi mwembamba ili samaki asishtuke. Mvuvi hurusha mshipi, na nzi hufuata. Ili mshipi huo uruke, hutupwa kwanza nyuma, husubiriwa unyooke hewani, ndipo upelekwe mbele. Asiyesubiri husikia mlio wa mjeledi na nzi wake hukatika akaenda zake, na anayesubiri mno huambulia majani. Kwa hesabu hiyo, mwandishi wa waraka huu ni mvuvi hodari wa miti. Walimu hufundisha kwa uso wa saa: fimbo, yenye urefu wa takriban futi 9, ikome saa nne kwa mbele na saa nane kwa nyuma, muda ambao mvuvi wa Vanga huwa amekwisha kuuza, amekula na amelala.

Wataalamu wenyewe hawakuelewana. Frederic Halford, aliyetoa kitabu chake mwaka 1886, alishikilia kwamba nzi sharti aelee juu ya maji, G. E. M. Skues, mwanasheria aliyevua katika mto jirani wa Itchen, alitoa chake mwaka 1910 kumtetea nzi anayezama, na mvutano ukaendelea, kama ule wa kuandama kwa mwezi wa Ramadhani, hadi klabu moja ya wavuvi jijini London ikaufanyia mjadala mwaka 1938. Mpaka leo ziko sehemu za mito hiyo ambako anayezama haramu, anayeelea halali.

Samaki akinasa, hushikwa kwa mikono iliyoloweshwa ili utando wa utelezi usimtoke, huchomolewa ndoana isiyo na kijimwiba, kisha hushikiliwa taratibu akielekea mkondo unakotoka hadi apate nguvu ya kuondoka. Mvuvi huondoka na njaa yake, akisikia pua ikimdanganya kwamba mahali fulani kuna changu wa kupaka juu ya makaa.

Yako, hata hivyo, mabwawa ya kulipia ambako mvuvi huruhusiwa kuchukua samaki kwa idadi maalumu. Kwa sababu hiyo, msafiri yeyote wa karibu apewe bizari ya samaki, ukwaju na mbuzi ya kukunia nazi, na mama asiulize nazi itatoka wapi, maana dukani zipo, kavu kidogo na ghali mno.