Jinsi ya Kupata Uzamivu Ukingali Hai

Njia ya uhakika ya mtu wa Lamu kuingia maabara ya Harvard ni kufariki Manda au Faza kabla ya mwaka 1800. Waliofanya hivyo hawakuulizwa matokeo ya KCSE, hawakupanga foleni ya viza, wala hawakuandika barua ya kueleza mapenzi yao kwa sayansi. Kipande cha mfupa au jino la kusomwa vinasaba (DNA) kilitosha. Machi 2023 wakatokea katika jarida la Nature, miongoni mwa watu 80 wa kale, wengi wao wa miji ya pwani kama Mtwapa, Kilwa na Songo Mnara. Wako maprofesa wanaostaafu bila kufika huko.

Wewe uliyechelewa kuzaliwa, anza na kibali. Utakihitaji kutoka NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, hata kama unayetaka kumchunguza ni babu yako. Makumbusho ya Taifa nayo yana neno lao kuhusu kila kaburi la kale, na ni haki yao.

Kisha tafuta msimamizi. Kilifi si mbali: mpango wa utafiti wa tiba wa KEMRI na Wellcome uko pale tangu 1989, na unalea watafiti wa uzamivu. Ni wewe tu, boti ya Mokowe, basi na vizuizi vya polisi. Au mfuate Chapurukha Kusimba, Mkenya aliyekuwa miongoni mwa viongozi wa utafiti ule wa mifupa. Ila yeye aliichimba pwani hii miongo kadhaa kabla vinasaba havijawa mtindo, na wewe ulitaka kazi ya kukaa kitako mbele ya kompyuta.

Usitegemee nasaba. Mwaka 2005, miaka 600 tangu safari ya kwanza ya amiri Mchina Zheng He, binti mmoja wa visiwa hivi alipewa ufadhili wa kusomea tiba China, kwa simulizi kwamba ukoo wake umetokana na mabaharia Wachina waliovunjikiwa na jahazi karibu na Pate. Nafasi hiyo imeshachukuliwa. Labda upate ushahidi wa jahazi lililotoka Uppsala, Sweden, ili chuo cha huko kikufadhili wewe.

Kazi yenyewe ni herufi nne, A, C, G na T, zilizopangwa katika mfuatano wa herufi bilioni 3 hivi, na za marehemu zimekatikakatika. Jifunze takwimu. Jifunze kuandika programu. Jifunze pia kuweka nakala ya kazi yako, maana stima zikipotea hazikuagi.

Mtihani mgumu si wa chuo, ni wa barazani. Utaeleza kwamba kufikia mwaka 1000 hivi, wanaume waliotoka hasa Uajemi walikuwa wamechanganya damu na wanawake wa Kiafrika. Mzee atakujibu, “Mwanangu, Ushirazi twaujua. Hilo ndilo lililokupeleka Ulaya?” Usibishane. Mwambie habari ya mabibi: katika wengi wa watu wale wa pwani, zaidi ya nusu ya vinasaba ni vya Kiafrika, na hasa vya upande wa mama. Shajara za koo ziliwasahau, meno hayakuwasahau. Mzee atainamia kikombe chake, kisha atauliza mshahara.

Kama unasomea Sweden, ambako mwanafunzi wa uzamivu huajiriwa na kulipwa, utaje. Kama karo unalipa mwenyewe, muulize habari za kaskazi.