Mnyonge Mnyongeni: Sifa za Kigari Kifupi

Harusini tunawasifu maharusi, msibani tunamsifu marehemu, na kwenye mikutano ya hadhara tunamsifu kila aliyekaa meza kuu. Kigari cha mtoto chenye mpini mfupi hakijapata wa kukisemea. Wazazi warefu wote waliowahi kukisukuma wamekilaani, kisha wakaenda kukandwa mgongo kwa maji ya moto. Mimi nina urefu wa sentimita 193, ninaishi Kigamboni, na kigari ninachomsukumia mwanangu kina mpini ulio sentimita 98 kutoka ardhini. Nani basi anafaa kukitetea kama si mimi? Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Kwa desturi, anayesifiwa hutajwa kwanza ukoo wake. Ukoo wa kigari hauna doa. Mwaka 1733 huko Uingereza, mbunifu William Kent aliwaundia watoto wa Duke wa Devonshire kigari cha kuvutwa na mbuzi au farasi mdogo. Tazameni hekima ya watu wa kale: mbuzi halalamiki kiuno. Balaa lilianza siku mbuzi alipoachishwa kazi na mzazi akachukua nafasi yake. Juni 1889, Mmarekani mweusi William H. Richardson wa Baltimore alipata hataza ya kigari ambacho kitanda chake kiligeuka, mtoto akaweza kumtazama anayemsukuma. Mwaka 1965 akaja Mwingereza Owen Maclaren, mhandisi aliyeshiriki kubuni miguu ya kutua ya ndege ya kivita ya Spitfire, akatengeneza kigari cha alumini chenye kukunjika, kisichofika kilo 3. Miaka ya 1980, mwandishi wa habari wa Yakima, jimbo la Washington, aitwaye Phil Baechler, alifunga magurudumu ya baiskeli kwenye kigari ili akimbie na mwanawe. Hapo ndipo vilipozaliwa vigari vya magurudumu matatu vinavyosifika kwa kupita kila njia.

Wote hao waliwaza juu ya mtoto, wakawaza juu ya barabara, wakawaza hata juu ya mbuzi. Urefu wa baba haukuwa kwenye ajenda.

Mjukuu mmoja wa ukoo huo alivuka bahari akaishia soko la mitumba, nami nikamkuta amening'inizwa juu ya rundo la viti vya gari. Muuzaji alimshusha, akampiga kofi tairini. "Kaka mkubwa, hii chuma ya Ulaya. Inapita popote, hata Kilimanjaro unapanda nayo." Hakusema unapanda ukiwa umekaa mkao gani. Kigari kipya cha aina hiyo, ukikiagiza, kinavuka shilingi milioni moja bila kutoka jasho. Yeye alitaka elfu tisini, akakubali themanini. Mchagua jembe si mkulima, nami nina mtoto wa kulea. Nikalipa.

Fadhila ya kwanza ya kigari kifupi ni adabu. Mtu akisukuma kwa raha, mpini unakuwa usawa wa kiwiko chake au chini yake kidogo. Kiwiko changu kiko kama sentimita 120 kutoka ardhini. Zile sentimita 20 na ushei zinazobaki kati ya kiwiko na mpini ndizo darasa lenyewe. Mtu mrefu hukua akiwatazama wenzake utosini, akiombwa kutungua maembe na kubadilisha balbu, mpaka anaanza kudhani kimo ni cheo. Kigari kinamvua cheo hicho kabla hajafika mwisho wa uchochoro. Tangu nianze kukisukuma, wazee wa mtaa wamenibadilikia. Napita nimeinama nusu, natoa shikamoo, nao wanaitikia kwa moyo mkunjufu. "Marahaba, mwanangu," aliniambia mmoja wao. "Vijana wa siku hizi shingo ngumu. Wewe umelelewa." Mama yangu alinihubiria unyenyekevu kwa miaka bila mafanikio. Kumbe asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na kigari.

Aliyechelewa kuelewa ni Mama Shukuru, anayekaanga mihogo pale kona.

"Baba Amani, umedondosha nini? Tukusaidie kutafuta?"

"Sijadondosha kitu, mama."

"Haya. Maana tangu juzi nakuona unatafuta."

Fadhila ya pili ni subira. Miguu mirefu hupiga hatua ndefu, na kigari kifupi kimekaa karibu na anayekisukuma. Matokeo yake, kila ukitupa mguu, ncha ya kiatu inagonga ekseli ya nyuma: ngo, ngo, ngo. Usipojirekebisha, ekseli inahamia kwenye muundi, na muundi hauna nyama ya kupokea mafundisho. Kwa hiyo unafupisha hatua. Naingia sokoni kama bwana harusi anayeingia ukumbini, hatua moja, nasimama, hatua nyingine, na sijawahi tena kufika mahali nikihema. Waliokuwa wakinilaumu kwamba nawaacha nyuma tukitembea pamoja, sasa wananisubiri wao.

Fadhila ya tatu ni uhuru wa mawazo, nao umekaa kwenye gurudumu la mbele. Vigari vya njia zote vilivyokamilika vina kipini cha kulifunga gurudumu hilo lielekee mbele tu pale njia inapokuwa mbaya, kisha unalifungulia ukifika kwenye lami. Kipini cha changu kilibaki Ulaya. Kwenye lami, gurudumu linafuata msafara. Kwenye mchanga wa Kigamboni linakumbuka kwamba nalo lina haki: linageuka ubavu, linachimba, na kigari kinasimama ghafla. Mimi naendelea mbele kwa kifua. Amani anainama kama atakayetoka, mkanda unamrudisha kitini, naye anacheka. Hapo ndipo unapomshukuru aliyebuni mkanda wa kushika sehemu tano, mabega mawili, nyonga mbili na katikati ya mapaja, na unapomhurumia mtoto aliyefungwa kiuno peke yake.

Wajuzi wa mchanga wanajua dawa: geuza kigari, kilaze kidogo, gurudumu la mbele lielee hewani, kisha kivute nyuma yako kwa magurudumu makubwa mawili. Kinateleza vizuri sana. Ila ukikilaza mpini unashuka zaidi, nawe huna budi kushuka nao. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na anayevuta kigari kifupi mchangani ameshafika mvunguni kabisa, amebakiza kukuta kilichompeleka.

Fadhila ya nne ni kukuza uchumi wa mtaa. Matairi ya upepo yanapokea mashimo kwa upole, mtoto hatikiswi ubongo, lakini hayachagui kati ya mchanga na msumari. Fundi baiskeli wetu sasa ananiita bosi. Ndiye aliyenifundisha kwamba tyubu ya inchi 12 ya baiskeli ya mtoto inaingia bila ubishi kwenye tairi langu la mbele, elimu ambayo muuzaji wa kigari hakuniuzia. Jirani yake, fundi wa kuchomelea, naye alinionea huruma: "Baba Amani, kilete nikuongezee bomba. Utasimama wima." Nilikataa, na sikukataa kwa ukaidi. Mpini ni wenzo. Ukiurefusha kwenda nyuma, uzito mdogo tu utaweza kukipindua kigari. Tundika hapo mfuko wa vitunguu, mtoto ashushwe mara moja, na kigari kinalala chali. Mtoto akiwamo, habari inakuwa nyingine. Hata mpini wa kiwandani haukuumbwa kubeba mizigo ya soko, ndiyo maana chini ya kiti kuna kikapu.

Usafirini nako kigari kifupi kinakuza undugu. Kwenye daladala konda alikitazama, akanitazama, akatoa hukumu: "Hilo gari nalo linalipa nauli." Abiria wakagawanyika pande mbili, mjadala ukatufikisha mwisho wa safari. Kwenye pantoni, mlango unapoteremshwa na umati kuanza kukimbilia ng'ambo, mwenye kigari anakuwa wa mwisho kutoka. Anapata nafasi ya kuiona Dar es Salaam kwa utulivu, na ya kupewa ushauri na kila mtu kuhusu namna ya kukikunja. Wapo waliokanyaga, wapo waliovuta, na mmoja alikisomea dua.

Najua wapinzani watasema nini. Watasema bibi zetu hawakununua vigari. Walichukua kanga moja, wakamfunga mtoto mgongoni, wakaenda shamba, kisimani na kliniki. Mbeleko haipati pancha, haizami mchangani, hailipi nauli, na inamkaa mrefu sawasawa na inavyomkaa mfupi. Yote hayo ni kweli, na ndiyo kasoro yake. Mtu atajifunza nini kwenye chombo kisichomsumbua? Isitoshe, mbebeni mtoto wa kilo 12 kwenye jua la Februari mkanieleze nani alimlowesha nani. Kigari kina kivuli chake. Ila hapa naweka utani kando: kivuli hicho kinatosha. Anayekifunika kigari gubigubi kwa kanga, akidhani anamkinga mtoto na jua, anazuia hewa, na joto la ndani linapanda upesi.

Wapinzani wengine wanajidai na vigari vyao vya kisasa. Jirani yangu mmoja, naye mrefu, ana kigari ambacho mpini wake unapanda na kushuka kwa kubonyeza vitufe viwili. Anatembea wima, anasukuma kwa mkono mmoja, mwingine una simu. Wazee hawamsifu. Mafundi hawamjui. Mama Shukuru hajawahi kumuuliza anatafuta nini.

Na kuna jambo ambalo kigari chake hakimpi. Kwenye paa la kivuli cha changu kuna kidirisha cha plastiki, kimechakaa, kimekuwa cha manjano. Anayetembea wima anaona kitambaa tu. Mimi, kwa jinsi ninavyopinda, uso wangu uko juu ya kidirisha hicho muda wote. Amani akiinua macho ananikuta. Anakigonga kwa kidole, nami nagonga upande wangu, na tunaweza kwenda hivyo kutoka nyumbani mpaka zahanati tukigongeana. Sifa nyingine zote za kigari hiki mnaweza kuzibishia. Hii hapana.

Pamoja na hayo, simlazimishi mtu kuelimika. Mzazi mrefu anayetaka kuukosa ujuzi wote huu kwa bei nafuu, afuate njia hii. Aende sokoni na futi kamba, amevaa viatu vyake vya kila siku. Asimame wima, akunje kiwiko, apime kutoka kiwikoni hadi chini. Mpini ukipungua hapo kwa zaidi ya sentimita kumi na kitu, akirudishe kigari rundoni hata kama kinang'aa. Autafute mpini unaopandishwa, hata kwenye mitumba upo, na autikise ukiwa juu kuona kama unashika. Atembee hatua zake mwenyewe, asizifupishe kwa aibu ya muuzaji, na mguu ukigonga ekseli asijipe moyo kwamba atazoea. Akisukume kwenye mchanga au changarawe, kwa sababu kwenye sakafu ya duka kila kigari kinapita. Alifunge gurudumu la mbele aone kama linafungika. Akanyage breki kwenye mteremko kigari kikiwa kitupu. Na kama mtoto bado hawezi kukaa mwenyewe, kiti kiwe kinalala kabisa, maana mgongo wa mtoto mchanga hauna haja ya mafunzo yanayompata baba yake.

Mimi mwenyewe si mchoyo wa baraka. Adabu ninayo sasa, subira ninayo, na mafundi wameshasomesha watoto. Ni zamu ya mwingine. Kigari kinauzwa: mpini sentimita 98, matairi yote matatu yana tyubu nzima, breki inashika, mkanda kamili, kipini cha mbele hakipo. Bei ni maelewano. Mnunuzi apimwe kwanza, na anayezidi sentimita 170 simuuzii hata akiongeza dau.